Gofu Mombasa na Viunga Vyake: Uwanja Upi Unastahili Safari na Pesa za Mkazi?

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Mombasa



Jumapili jioni, pale Lighthouse, familia nyingi za Mombasa huketi zikila mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, zikinywa madafu na kutazama meli zikiingia Kilindini. Hatua chache kutoka hapo kuna nyasi zilizokatwa vizuri na bendera ndogo zinazopepea karibu na jabali. Wako watu waliozaliwa kisiwani, wakasoma, wakaoa, wakapata wajukuu, na hawajawahi kuuliza mle ndani mnafanywa nini na nani anaruhusiwa kuingia. Jibu la mtaani ni moja: pale ni pa Wazungu na matajiri.

Jibu hilo lilikuwa na ukweli wake zamani. Leo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu wakazi. Mzazi mwenye mtoto mwenye kipawa hajui pa kumpeleka. Kijana anayebeba mkoba wa fimbo hajui kazi ile inaweza kumfikisha wapi. Na mwenye uwezo wa kulipa hutoa ada kubwa ya kujiunga na klabu ambayo hajawahi kuikagua hata kwa siku moja, kwa sababu tu mwenzake wa ofisini ni mwanachama.

Gofu ilifika Kenya na utawala wa Waingereza. Klabu ya Royal Nairobi ilianza mwaka 1906, na miaka 5 baadaye, mwaka 1911, Mombasa ikawa na klabu yake. Katika enzi zile klabu za aina hii zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa kazi: kukata nyasi, kupika, kubeba mikoba. Hilo halipaswi kufichwa, kwa sababu ndiyo maana hadi leo mtu mwenye pesa zake mfukoni bado anasita langoni. Lakini mambo yamesogea. Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967, na mwaka 1998 Mkenya Jacob Okello alifika hadi kwenye mchujo wa mwisho, akashindwa na Ricardo González wa Argentina. Tangu mwaka 2019 mashindano hayo yamo katika msururu mkuu wa wachezaji wa kulipwa wa Ulaya. Gofu yenyewe ilirejea katika Olimpiki mwaka 2016 baada ya kutokuwepo tangu mwaka 1904. Kwa hiyo mtoto anayeshika fimbo leo hachezi mchezo wa sherehe za wakubwa tu.

Sasa, viwanja vyenyewe.

Ule wa Mombasa Golf Club, kando ya Mama Ngina, una mashimo 9. Mwenye kutaka kucheza 18 huuzunguka mara mbili. Wapo wanaoudharau kwa sababu hiyo, na hapo wanakosea. Mashimo 9 humaliza muda wa saa 2 hivi, na kwa mtu anayefanya kazi mjini, anayetoka ofisini saa 10 jioni, hizo ndizo saa alizonazo. Mashimo 18 huchukua saa 4 au zaidi, yaani nusu siku. Tena uwanja huu uko kisiwani penyewe. Mkazi wa Majengo, Tudor au Ganjoni anafika kwa tuktuk. Anayetoka Likoni akishuka kwenye feri hana mwendo mrefu.

Ugumu wa uwanja huu si urefu wake, ni upepo. Bahari iko pale pale, na hakuna jengo wala mlima wa kuukinga. Kusi ikivuma, mpira uliopigwa vizuri unaweza kupeperushwa ukaishia majini, na mchezaji akabaki akiufuata kwa macho. Wageni wa kutoka bara huudhika. Wenyeji wamejifunza kupiga mpira wa chini, unaopita chini ya upepo, na kijana aliyejifunzia hapo ana kitu ambacho hawezi kukinunua Nairobi.

Kuna jambo lingine ambalo linahusu hata wasiocheza. Jabali la pale ni la matumbawe, na mawimbi hulila kutoka chini kidogo kidogo. Ukingo husogea. Kisiwa chetu hakina nafasi nyingi za wazi zilizobaki. Bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya mwaka 2019, ni moja, na uwanja wa gofu ulio jirani yake ni nyingine. Mahali penye nyasi maji ya mvua hunywewa na ardhi, na mahali penye zege hukimbilia majumbani mwa watu. Mkazi anaweza kuwa hana haja na gofu hata chembe na bado akawa na haja na ile ardhi ibaki wazi.

Ukivuka daraja la Nyali unakuta uwanja wa pili, Nyali Golf and Country Club, ulioanza mwaka 1956. Huu una mashimo 18 kamili. Kila siku maelfu ya watu hupita Links Road wakielekea madukani bila kujua kwamba jina hilo ni la gofu: Waskoti waliita viwanja vyao vya pwani, vilivyokuwa kwenye mchanga kati ya bahari na mashamba, kwa neno hilo hilo. Nyali ndio uwanja wa kawaida wa mchezaji wa Mombasa anayetaka kuendelea. Una urefu wa kutosha na ushindani wa kutosha. Umezungukwa na nyumba, kwa hiyo upepo wake si mkali kama wa kisiwani, lakini miti inaadhibu. Mpira ukienda kando ya njia, mchezaji ana dakika 3 tu za kuutafuta kwa mujibu wa kanuni za tangu mwaka 2019. Zamani zilikuwa 5. Dakika 3 chini ya mti wenye tumbili watatu wanaokutazama ni muda mfupi sana.

Baada ya Nyali, mwenye kutaka zaidi lazima atoke nje ya kaunti, na hapa ndipo swali la safari linapoanza.

Kaskazini, takribani kilomita 35, kabla ya kufika Kilifi mjini, kuna Vipingo Ridge na uwanja wake uitwao Baobab, maana yake mbuyu, na mibuyu kweli imo. Uwanja huo ulichorwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, ambaye mwenyewe alishinda Kenya Open mwaka 1989, hivyo hakuwa mgeni wa upepo na jua la huku. Upo juu ya kilima, na kutoka baadhi ya mashimo bahari huonekana mbali chini. Hapo ndipo Pwani imepata mashindano yake makubwa zaidi ya gofu: Magical Kenya Ladies Open, yaliyochezwa katika msururu wa wanawake wa Ulaya. Desemba 2019 alishinda Esther Henseleit wa Ujerumani. Mwaka 2023 alishinda Aditi Ashok wa India, na mwaka 2024 Shannon Tan wa Singapore, msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20. Mzazi mwenye binti anayependa michezo ampeleke akaone siku mashindano yanaporudi. Kumtazama mtu wa umri wa dada yako akipiga mpira mita 200 na ushei, mbele ya macho yako, kunafundisha kuliko video 100 za simu.

Lakini je, Vipingo panafaa kwa mkazi wa kawaida kila wiki? La. Ni uwanja wa kiwango cha kimataifa ulio ndani ya makazi ya kifahari, na bei zake zinalingana na hali hiyo. Mtu aende mara moja au mbili kwa mwaka, ajiandae, apige simu mapema. Na aanze safari alfajiri. Msongamano wa Mtwapa umewanyima wengi zamu yao ya kuanza, na zamu ikipita mara nyingi ada hairudi.

Kusini ni Diani, Kaunti ya Kwale, kwenye uwanja wa mashimo 18 wa Leisure Lodge. Tabia yake ni tofauti kabisa. Ni uwanja wa msituni, wenye miti mikubwa, na Diani ni mahali pa mbega, wale nyani weusi wenye manyoya meupe mabegani. Joto lake hukaa palepale chini ya miti. Zamani tatizo la Diani lilikuwa feri: mtu hakujua atavuka saa ngapi. Sasa barabara ya Dongo Kundu imewapa wenye magari njia ya pili, na mkazi wa Changamwe au Jomvu anaweza kufika kusini bila kugusa kisiwa. Kwa maoni ya wengi waliocheza viwanja vyote vya Pwani, huu ndio unaostahili safari ya siku nzima pamoja na familia, kwa sababu wasiocheza wana ufuo wa kwenda na hakuna anayekaa kwenye gari akinung'unika.

Malindi nayo ina uwanja wake, mdogo na mtulivu. Kilomita 120 kwa ajili ya gofu peke yake ni nyingi. Anayekwenda Malindi kwa shughuli nyingine abebe fimbo zake.

Hivyo ndivyo viwanja vilivyo. Kazi ngumu ni kupima klabu, na hapa wakazi wengi hudanganywa na sura. Jengo lenye vioo na bwawa la kuogelea halisemi lolote kuhusu uwanja. Anayetaka kujua atembee hadi kwenye grini, yaani kile kipande cha nyasi fupi kabisa chenye shimo na bendera, ainame aiguse. Nyasi nzuri za grini zimeshikana kama zulia, hazina vipara, na mpira huviringika bila kurukaruka. Kisha atazame kituo cha kuanzia cha shimo lolote. Kama pamechimbika na hakuna anayejaza mchanga, usimamizi umelala.

Aulize pia maji yanatoka wapi. Katika Pwani hili si swali la adabu tu. Mitaa yetu mingi hungoja maji ya mfereji kwa siku kadhaa, na uwanja wa gofu hunywa maji mengi sana wakati wa kiangazi. Klabu inayojiheshimu itaeleza waziwazi kama inatumia kisima, bwawa la mvua au maji yaliyosafishwa baada ya kutumika. Zipo aina za nyasi, kama paspalum, zinazovumilia maji yenye chumvi, na kwa sisi tulio kando ya bahari nyasi hizo ni akili. Uwanja unaong'aa kijani mwezi Februari, wakati mtaa wa jirani unanunua maji kwa mikokoteni, una maswali ya kujibu.

Swali la tatu, na pengine lenye uzito zaidi, ni makedi. Kedi ni yule anayebeba mkoba, anayejua upepo unageuka wapi na grini inainama upande gani. Katika klabu nyingi nchini kedi hana mshahara. Hulipwa kwa kila mzunguko, na siku ya mvua hurudi nyumbani mikono mitupu. Mgeni aulize ada ya kedi imewekwa na nani, na kama kuna mahali pao pa kukaa kivulini, choo na maji. Aulize kama wanaruhusiwa kucheza wenyewe siku moja ya wiki. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza wakiwa makedi, na hawakujifunza kwa kubeba tu bali kwa kupewa nafasi ya kupiga. Klabu inayowafungia makedi wake nje ya uwanja inapoteza vipawa ilivyo navyo tayari. Na mchezaji asione haya kumsikiliza. Mwanasheria mwenye fimbo za laki kadhaa ataambiwa na kijana wa Likoni, "Mzee, hapa piga kushoto kidogo," na akikaidi mpira utamfundisha.

Kwa wazazi, la kwanza ni kuuliza kama kuna programu ya watoto yenye mwalimu anayejulikana na ratiba iliyoandikwa, au ni "mlete tu Jumamosi tutaona." Mtoto anaweza kuanza na fimbo 3 zilizokatwa kulingana na kimo chake. Hahitaji mkoba mzima. Hata mtu mzima haruhusiwi kubeba zaidi ya fimbo 14. Uliza nani anawaangalia watoto wakiwa kwenye uwanja wa mazoezi. Mpira wa gofu una uzito usiozidi gramu 46, lakini ukimpiga mtu kichwani ni kama jiwe la kombeo. Klabu isiyo na sheria kuhusu nani asimame wapi haifai mtoto.

Wasichana na kina mama wa Mombasa huuliza jambo ambalo vitabu vya gofu havilijibu: je, mwenye hijabu anaweza kucheza? Kanuni za mchezo hazikatazi. Suruali ndefu, shati la mikono mirefu na mtandio uliofungwa vizuri havimzuii mtu kupiga, na jua letu likiwa kali huwa ni nafuu. Kinachotofautiana ni kanuni za mavazi za kila klabu, ambazo mara nyingi hutaka shati lenye kola na hukataza jinzi. Mtu apige simu kabla, apate jibu, aandike jina la aliyejibu. Vivyo hivyo kuhusu sala. Anayeanza mashimo 18 saa 4 asubuhi siku ya Ijumaa hatawahi sala ya Ijumaa. Mwenye kuswali aanze mapambazuko au acheze 9 tu. Klabu zilizozoea watu wa Pwani hulijua hili bila kuelezwa.

Kuhusu pesa, tofauti ndizo muhimu kuzijua. Ada ya kujiunga hulipwa mara moja. Ada ya mwaka hulipwa kila mwaka, mtu acheze asicheze. Ada ya uwanja hulipwa na asiye mwanachama kila anapocheza. Juu yake kuna kedi, na kukodi fimbo kwa asiye nazo. Mkazi anayecheza mara moja kwa mwezi kwa kawaida hapati faida yoyote kwa kuwa mwanachama. Achukue ada ya uwanja ya mgeni, aizidishe kwa 12, ailinganishe na ada ya mwaka pamoja na ile ya kujiunga. Aulize pia klabu ina makubaliano na klabu gani nyingine. Mwanachama wa klabu ndogo yenye makubaliano mazuri anaweza kucheza sehemu nyingi za nchi kwa bei nafuu, na hapo ndipo klabu ya mashimo 9 inaposhinda kubwa. Malipo yafanyike kwenye akaunti ya klabu, risiti mkononi. Akitokea mtu mkahawani anayesema anaweza "kukusaidia kuingia haraka," huyo ni dalali, na klabu halisi haiuzi uanachama kwa njia hiyo.

Hali ya hewa nayo ina kauli yake. Mei ni mwezi wa mvua nyingi. Mpira ukianguka haukimbii, na baadhi ya mashimo hujaa maji. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta anga safi na joto la kuchosha, kwa hiyo wenye busara huwa wamemaliza kabla ya saa 4 asubuhi. Kusi ya Julai na Agosti ina ubaridi wa kupendeza lakini upepo wake hauna simile. Na kwa wageni wetu wa kutoka Nairobi: hewa ya bara, kwenye urefu wa zaidi ya mita 1,600, ni nyepesi na mpira huenda mbali. Uliofika mita 200 kule utafika takribani 188 hapa kwa pigo lile lile. Si uzee, ni usawa wa bahari.

Kwa anayeanza kabisa, njia ya gharama ndogo ni hii. Aende siku ya juma, asubuhi, kwenye uwanja wa mashimo 9. Aombe mwalimu wa klabu kwa nusu saa, akodi fimbo badala ya kununua, na atumie mipira iliyookotwa, ambayo huuzwa kwa bei ndogo kuliko mipya na kwa mwanafunzi haina tofauti. Baada ya masomo machache ataweza kuuliza habari za handikapu, namba inayowawezesha mchezaji dhaifu na hodari kushindana kwa haki. Mfumo wa sasa wa dunia, ulioanza mwaka 2020, unaruhusu hadi 54, kwa hiyo hakuna aliye dhaifu mno asiweze kuandikishwa. Kabla ya kutoka nyumbani apige simu kuhakikisha uwanja haujafungwa kwa mashindano. Jumamosi nyingi huwa umefungwa, na Jumatatu baadhi ya viwanja hufanyiwa ukarabati.